Uyoga kwenye Ukuta wa Darasa la Nne

Mke wangu alikuwa mwalimu wa sayansi, darasa la nne. Mimi ni mchoraji wa mabango. Nyumbani tuliitana Mwalimu na Fundi, mpaka majirani nao wakasahau majina yetu.

Mwaka ule aliniomba nimchoree jedwali la mimea kwenye ukuta wa darasa lake. Alinipa karatasi. Inayotoa maua huku, isiyotoa kule. Chini ya yenye maua, makundi mawili: mahindi, ambayo mishipa ya majani yake imenyooka sambamba, na maharage, ambayo ukiyaloweka na kuyamenya, punje inagawanyika vipande viwili. Upande usio na maua aliandika kangaga tu, ule mmea wa kivulini wenye majani kama manyoya. Nikaona nafasi imebaki tupu, na fundi hapendi nafasi tupu. Nikachora uyoga mkubwa, wenye kivuli chini ya kofia yake. Sisi zamani ndivyo tulivyofundishwa.

Alipouona aliniambia uyoga si mmea. Hauna umbijani, ile rangi ya kijani inayoupikia mmea chakula kwa jua. Wenyewe hula vilivyooza.

"Umeota chini na hautembei," nikamjibu. "Kama si mmea, ni mbuzi?"

Alicheka. Mimi nikacheka zaidi yake, na kwangu mjadala ukaishia hapo.

"Sasa utaufuta lini, Fundi?"

Nikasema kesho.

Kesho ikaja na bango la kinyozi, keshokutwa na la duka la dawa. Alinikumbusha mara mbili tatu tukiosha vyombo, bila ukali. Halafu jioni moja akanieleza kwamba mkaguzi alikuja, akaunyooshea uyoga kidole mbele ya watoto, akamuuliza yeye alisomea wapi sayansi.

"Ukamjibuje?"

"Nikasema nimekosea."

Hakunitaja. Nilimwomba radhi, nikaahidi Jumamosi. Jumamosi nikaenda kuandika ubavu wa lori la mtu. Baada ya hapo hakuniuliza tena, nami nikashukuru, nikidhani amesahau.

Homa ilimchukua kwa siku nne.

Wiki ya tatu baada ya maziko nilibeba brashi na kopo la rangi nyeupe, nikaenda shuleni. Mwalimu mkuu alinifungulia darasa. Uyoga haukuwepo. Mahali pake palikuwa na doa la chokaa lililopakwa ovyo, limechuruzika hadi kwenye mahindi. Juu ya doa, kwa mwandiko wake wa ubaoni unaopanda kama ngazi, palikuwa pameandikwa: Uyoga si mmea. Ni jamii ya kuvu.

Nikauliza aliandika lini. Mwalimu mkuu akasema ni muhula uliopita. Alipanda juu ya dawati, ndoo ya chokaa ikammwagikia miguuni. Wenzake wakamwuliza mbona anahangaika ilhali ana mchoraji nyumbani.

"Alisema tusikusumbue, una kazi nyingi."

Nilivikumbuka vile viatu. Alivivua mlangoni vikiwa vyeupe, akavisugua mwenyewe uani. Nami nilivipita nikiingia ndani kula.

Mwalimu mkuu aliniuliza kama ningependa kuzinyoosha zile herufi. Ni kazi ya dakika kumi. Nikafungua kopo, nikazisoma tena, moja moja, nikitafuta kosa. Halikuwepo. Nikafunika kopo.