Wifi Aliyeifungua Mahakama

Mama Pindo na wifi yake hawakuwa maadui, ila undugu wao ulikuwa wa kuulizana hali na kuishia hapo. Wifi huyo, dada mdogo wa mumewe, alikuwa msanifu majengo, mtu wa maneno machache anayekula haraka kama anakimbizwa. Mtaa mzima ulimwita Injinia. Mwanzoni alijitahidi kuwaeleza watu kwamba uinjinia ni kazi nyingine na usanifu ni kazi nyingine, akachoka, akaitika. Mama Pindo yeye alikuwa mshonaji, na jina lake alipewa na wateja, maana nguo haikutoka mkononi mwake na pindo lililokwenda upande, hata kama mwenyewe kasimama mbele yake amevaa khanga anaisubiri.

Alishonea kwenye kibaraza cha duka la mtu. Mvua ikija na upepo, aliifunika cherehani kwa turubai kwanza, kisha ndipo akajikumbuka na yeye.

Siku moja, wamekaa kwa mama mkwe wakinywa chai, Injinia akasema amepewa kazi ya mahakama ya zamani.

Kila mtu alilijua jengo lile. Lilikuwa katikati ya mji, la ghorofa moja, kuta nene na madirisha marefu. Shughuli za sheria zilipohamia jengo jipya, lango lilifungwa mnyororo, na tangu hapo wapangaji walikuwa popo. Halmashauri ilishaamua kulibomoa. Injinia ndiye aliyekwenda kuwaambia kwamba msingi wake hauna ufa hata mmoja, na kwamba kubomoa jengo zima kwa kuwa limekosa kazi ni sawa na kumzika mtu kwa kuwa amestaafu. Walicheka, lakini wakamwachia. Mpango wake ulikuwa huu: ghorofani, kwenye masjala na ofisi za makarani, ziwe nyumba ndogo za kupangisha. Chini, kwenye vyumba vya mahabusu, yawe maduka na karakana. Na kile chumba kikubwa cha kusikilizia kesi kiwe ukumbi wa watu wote.

"Kile chumba cha kona, kinachotazama barabara, nimekuwekea wewe, wifi," akamalizia.

Mama Pindo akaweka kikombe chini. "Kilikuwa cha nini?"

"Mahabusu ya wanaume."

Mume wa Mama Pindo akakitazama kijiko chake kama vile hajawahi kuona kijiko.

Kila aliyekuwapo alikijua kisa. Kaka mkubwa wa Mama Pindo, seremala, alipokuwa kijana alishtakiwa kwamba ameiba mbao kwenye karakana aliyoajiriwa. Alihukumiwa mahakama ile ile, akatumikia kifungo chake, akarudi. Baadaye mtunza ghala wa karakana ile alikamatwa na mali nyingine, akakiri na zile mbao pia. Lakini maji yalikwisha kumwagika, na hakuna aliyekuja hata kusema pole. Seremala akafungua karakana yake mwenyewe, akaoa, akalea watoto. Ila barabara ya mahakama hakuipita tena. Akitumwa sokoni, alizunguka mji mzima kama mtu anayemkwepa mdai.

"Nikashone nguo za maharusi mahali kaka yangu alipolazwa sakafuni?" Mama Pindo alisema. "Ahsante, wifi. Kibaraza changu kinanitosha."

Mama mkwe akajaribu kupoza. "Mwanangu, chumba hakina kosa."

"Hakina, mama. Lakini sikitaki."

Injinia hakubishana. Alimaliza chai yake, akaaga, na Mama Pindo akadhani mambo yameishia pale.

Siku chache baadaye kaka yake alimfuata kibarazani. "Wifi yako kaja karakana," alisema.

Mama Pindo akasimamisha cherehani. Hasira zilikwisha kumpanda. "Kaja kukupa kazi kule?"

"Hapana. Kaja kuuliza. Anasema ameshaongea na mahakimu wastaafu, na makarani, mpaka na mfagizi wa zamani. Wote wamemweleza chumba kile kilivyokuwa. Aliyekuwa hajampata ni mshtakiwa." Seremala akacheka kidogo. "Nikamwambia, basi umempata."

"Na wewe utakwenda?"

"Nitakwenda ukinisindikiza."

Wakaenda asubuhi, wote wawili. Mnyororo ulikuwa umekwisha ondolewa, na mafundi walikuwa wakibeba vifusi kwa mikokoteni. Kwenye ngazi za mbele Seremala alisimama. Mama Pindo akamshika mkono kama walivyokuwa wakishikana utotoni wakivuka barabara, isipokuwa zamani mkubwa ndiye aliyekuwa akimshika mdogo.

"Twende," Seremala akasema, "nisije nikapata akili nikarudi."

Ndani kulinuka popo na plasta mbichi. Injinia aliwapa kofia ngumu, akawapeleka moja kwa moja kwenye chumba cha kesi. Dari lilikuwa juu mno, na kila hatua waliyopiga ilijibiwa na ukuta. Jukwaa la hakimu lilikuwa bado lipo, limeinuka kama mimbari, na mbele yake, upande, kizimba cha mbao ngumu nyeusi kilichofika kiunoni.

"Ulisimama pale, shemeji?" Injinia aliuliza.

"Pale pale."

"Hakimu ulikuwa ukimsikia?"

"Kama radi. Yeye ndiye alikuwa hanisikii. Nikisema, naambiwa sema kwa sauti. Nikipaza sauti, naambiwa usipige kelele mahakamani."

Injinia akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta. "Panda kule juu kwenye jukwaa. Mimi nitasimama huku."

Akaingia kizimbani yeye mwenyewe. Seremala akapanda, akaketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, maana kiti kilikwisha chukuliwa. Injinia akaanza kuongea kwa sauti ya kawaida. Mama Pindo, aliyekuwa amesimama karibu naye, alisikia kila neno: alikuwa akieleza tu mvua ilivyoingia kupitia paa. Kule juu, Seremala alitega sikio, akainama, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Nasikia sauti," alisema. "Maneno siyasikii."

"Dari ndilo linayameza," Injinia akamweleza. "Sauti ikitoka hapa inapanda, inagonga kule, inarudi vipande vipande. Ya hakimu inasukumwa mbele na ule ukuta uliopinda nyuma yake. Siku ya kwanza nilipoingia nilipiga makofi, nikashuku. Lakini nilitaka kusikia kwa mtu aliyekuwapo."

Seremala hakushuka. Alikaa pale juu ya ndoo, mikono magotini, akitazama kizimba kutoka upande ambao hakuwahi kukiona.

"Kwa hiyo mzee yule hakuwa akinisikia."

"Nusu, labda."

"Na mimi miaka yote hii nimejua kwamba alinisikia, akaamua tu kwamba mimi ni mwongo." Akavua kofia, akajifuta uso kwa kiganja. "Sijui hata kipi ni afadhali."

Mama Pindo alitamani aseme neno, lakini alipomtazama wifi yake aliona haangalii saa wala mafundi, amesimama tu ndani ya kizimba kile akimpa mtu nafasi yake. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza alimwona.

Baadaye Injinia alisema, "Kwenye ramani yangu jukwaa lilikuwa linabaki. Nalitoa. Sakafu yote itakuwa sawa, watu watakaa kwa kuzungukana."

Kusema ni rahisi. Kulikuwa na kamati ya jengo, na mwenyekiti wake alikuwa mtu mwema lakini mpenzi mkubwa wa meza kuu. Jukwaa kwake lilikuwa ndiyo roho ya ukumbi.

"Mgeni rasmi atakaa wapi?" aliuliza.

"Atakaa na watu," Injinia alijibu.

"Na akitaka kuonekana?"

"Atasimama."

Kamati ikakataa. Mtu mwingine angekasirika au angekwenda kulalamika kwa wakubwa. Injinia aliwaomba tu wafanye kikao kimoja ndani ya chumba chenyewe, na wakazi wa mtaa waalikwe kutoa maoni. Mwenyekiti alifurahi. Alikuja amevaa shati jeupe, akapanda jukwaani, akafungua kikao, na sauti yake ikajaa chumba kizima. Kisha wakazi wakaanza kusimama pale chini, mmoja mmoja.

"Sema tena, ndugu," Mwenyekiti aliomba. "Hebu rudia." Baada ya watatu wanne alichoka kurudiarudia, akaanza kuitikia kwa kichwa.

Ikafika zamu ya mama mkwe. Mama mkwe alikuwa na umri wa kutomwogopa mtu. Akasogea mpaka kwenye kizimba, akasema kwa heshima zote, kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba chumvi mezani: "Mheshimiwa, shati lako umelifunga vifungo kombo tangu umeingia."

Mwenyekiti akaitikia kwa uzito. "Ahsante, mama. Hilo tumelipokea, na tutalifanyia kazi."

Watu waliangua kicheko mpaka popo wakahama kona. Mwenyekiti hakuelewa, mpaka katibu wake alipopanda kumnong'oneza. Akajitazama kifuani. Ni kweli. Kwa sifa yake, alicheka kuliko wote, akashuka jukwaani huku akifungua vifungo na kuvifunga upya, na alipofika chini akasema, "Injinia, vunja."

Kazi ikaanza kwelikweli. Seremala alichukuliwa kutengeneza mbao, na safari hii alikuja bila kusindikizwa. Kizimba na jukwaa alivichambua ubao kwa ubao bila kupasua hata mmoja, akatoa mabenchi ya ukumbi na milango ya nyumba za juu. Mafundi walimwona akipiga randa huku anaimba, wakasema mzee huyu mbona kama anajenga kwake.

Ilikuwa imebaki ile sauti inayorudishwa na dari. Injinia alihitaji mapazia mazito, marefu, ya kutundika kwenye kuta. Akamfuata Mama Pindo, akamwekea kitambaa mbele. "Sijaja kukubembeleza chumba," alisema. "Nahitaji mshonaji."

Mama Pindo alikipapasa kitambaa kile. Kilikuwa kizito kama blanketi, na cherehani yake ingelalamika, lakini hakuwa mtu wa kukimbia nguo. Alishona mapazia yale mpaka vidole vikamfura, na yalipotundikwa alisimama katikati ya ukumbi akaita jina la kaka yake polepole. Seremala, aliyekuwa pembe ya mwisho, akaitika bila hata kugeuka.

Akitoka, alipita kwenye ujia wa chini. Hakukusudia kuchungulia chumba cha kona. Miguu ndiyo iliyompeleka. Mlango wa chuma haukuwapo. Ukuta wa upande wa barabara ulikuwa umekatwa kutoka kiunoni hadi juu, na dirisha pana limewekwa, na jua lilikuwa limelala sakafuni kama mkeka. Nje watu walipita na shughuli zao. Mwanamke mmoja alimwona, akampungia mkono. Mama Pindo akajikuta anapima kwa macho: meza ya kukatia huku, kioo kule, nguo zilizokwisha zining'inie pale.

"Cherehani ingekaa hapa," alisema kwa sauti, akidhani yuko peke yake.

"Ndiyo maana soketi iko kushoto," Injinia akajibu kutoka mlangoni. "Wewe gurudumu unalizungusha kwa mkono wa kulia, hutaki waya upande huo."

Mama Pindo aligeuka. "Chumba hiki hukumpa mtu mwingine? Wapo waliokitaka, nimesikia."

"Vyumba vingine vya kuwapa vilikuwapo."

"Na kama nisingebadili mawazo?"

Injinia alifikiri kidogo. "Ningekuwa na chumba kimoja kitupu, chenye soketi kushoto."

Mama Pindo alimwomba kaka yake ruhusa. Seremala alimwambia akome kumuuliza maswali ya kitoto na akamtengenezea meza.

Jengo lilipofunguliwa, mji mzima ulikuja. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuhamia ghorofani, kwenye iliyokuwa masjala, na kutoka dirishani kwake alijua habari za barabara nzima kabla hazijafika kwa wenyewe. Jirani zake walikuwa muuguzi, mwalimu kijana na mkewe, na fundi saa ambaye duka lake lilikuwa chini yake tu. Watoto walikimbia kwenye ngazi ambazo wazazi wao walizipanda zamani wakitetemeka. Mgeni rasmi alikaa kwenye benchi, kati ya muuza magazeti na bibi mmoja aliyemweleza shida za maji mwanzo hadi mwisho, na akazisikia zote.

Hotuba zilipoanza kutaja watu wa kushukuriwa, Injinia hakuwapo. Mama Pindo alimkuta uani, peke yake, ameinua shingo anatazama bomba la mvua.

"Wanakutaja huko ndani," alimwambia.

"Hili bomba linavujia ukutani. Kesho alirekebishe aliyelifunga."

Mama Pindo alikuwa ameyapanga maneno tangu juzi. Alitaka kusema kwamba amewaona wasomi wengi, na wenye vyeo, lakini hajamwona mtu anayeuliza kabla ya kujenga. Alitaka kusema habari za kaka yake. Badala yake akavuta futi ya kitambaa iliyokuwa shingoni mwake.

"Simama vizuri nikupime."

"Wifi, sina muda wa nguo."

"Sijakuuliza muda. Inua mikono."

Injinia akainua mikono, macho bado kwenye bomba, akaendelea kueleza maji yanavyopaswa kuteremka. Mama Pindo alizungusha futi, akaona jinsi kazi ile ilivyomkondesha, akaongeza kidogo kiunoni, maana mtu kama huyu akipumzika atanenepa tena.