Mtama wa Njia Moja

Nchi ya Kinamasi ilikuwa na adabu kuliko akili, na wenyewe walijivunia hilo. Barazani, mbele ya Mfalme Kiboko, hakuna aliyeruhusiwa kupinga jambo kabla ya kulisifu. Sifu kwanza, kisha useme lako. Ndiyo desturi.

Mama Kanga aliijua vizuri, lakini siku ile alikuwa na hasira. Yeye ndiye aliyewauzia mtama wanyama wote wa nchi ile, na mtama wake uliingia kwa njia tatu: mlimani kwa migongo ya punda, bondeni kwa nyati, na darajani kwa Fisi, shemeji yake Mfalme. Sasa Mfalme alitaka njia mbili zifungwe, kila gunia lipite darajani.

"Tuhangaike na njia nyingi za nini?" Fisi aliuliza huku akijilamba. "Njia moja, msimamizi mmoja, gharama kidogo. Tabu iko wapi?"

Kanga akainuka. "Mfalme wangu, shauri hili ni jema, tena lina hekima..."

Ngoma ikalia. Kasuku, katibu wa baraza, akatangaza kwa sauti: "Mama Kanga ameafiki. Limepita!"

"Jamani, sijamaliza! Daraja likivunjika tutakula nini?"

"Mama, umeshasifu," Mfalme alimwambia kwa upole. "Usiyaharibu maneno yako mazuri."

Lo! Baraza zima likaangua kicheko. Kanga akaketi.

Punda wakafukuzwa bila hata asante, nyati nao wakaenda zao. Njia zikamezwa na magugu. Masika ilipoingia, mto ukafurika, ukalizoa daraja zima. Fisi akasema ni kazi ya Mungu, kana kwamba ni Mungu aliyezifunga njia nyingine!

Njaa ikapiga hodi kila nyumba. Kanga akawaacha vifaranga wake kwa jirani, akapanda mlima kuwatafuta punda. Akawakuta upande wa pili, wanabeba mizigo ya nchi nyingine.

"Tusamehe, dada," mmoja wao alisema. "Mlipotufukuza, watoto wetu nao walitaka kula. Mgongo huu una mwenyewe sasa."

Kanga hakumlaumu. Hata yeye angefanya vivyo hivyo.

Aliporudi aliwakuta askari ghalani mwake, wanakung'uta magunia ya mwisho.

"Amri," mkubwa wao alisema bila kumtazama usoni. "Kilichobaki ni cha ikulu, kwa usalama wa taifa."

"Na wanangu je?"

"Sisi tumetumwa tu, mama."

Wakaondoka. Kanga akapekua mavumbi hadi akapata punje, akakimbia nayo kwa jirani. Jirani alimpisha mlangoni. Kifaranga wake mdogo alikuwa amelala ubavu. Kanga akamfumbua mdomo, akamwekea punje ulimini.

"Meza, mwanangu," alimwambia. "Meza basi."