Upande wa Kushoto Bado Uko Njiani

Oili iliyotoka kwenye difu ya gari ilikuwa nyeusi, na ndani yake zilimeremeta chembe za chuma kama magamba ya samaki. Fundi alichovya kidole kwenye beseni, akampaka mkaguzi kiganjani ili ajionee mwenyewe.

"Meno yanasagika, mzee. Ndiyo huo mlio unaousikia."

Mkaguzi alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani na sokoni kuhakikisha kwamba kilo ya kila muuzaji ni kilo kweli. Alifuta kiganja kwa kitambaa alichopewa na mkewe, akalitazama gari lake lililokuwa juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yakining'inia. Lilikuwa gari la zamani, na kwa muda mrefu lilikuwa likilia kila liliposhika kasi, mlio mrefu wa kuchosha, kama mtu anayesimulia ugonjwa wake.

Mkewe alisimama kando, ameshika koti la mumewe. Yeye alifanya kazi ya kusaga lenzi kwenye duka la miwani, na alikuwa amezoea kukaa kimya ili asipumulie vioo.

Fundi alikuwa ametafuta difu mbili kwa wauza spea za magari mabovu. Alizilaza juu ya gunia, akazichora chaki, akazungusha shingo ya kila moja huku akihesabu. Ya kwanza ilitoka kwenye gari la aina ileile, na hesabu ya meno yake ililingana na ile iliyopigwa kwenye kibati chini ya boneti. Kasoro yake ilikuwa moja: ukiachia pedali ya mafuta, italialia kidogo. Ya pili ilitoka kwenye gari kubwa zaidi. Ilikuwa imekaza vizuri, safi, na ukiizungusha husikii kitu.

"Tuweke hii ya pili," mkaguzi alisema.

"Kuingia itaingia, matundu ya bolti yanalingana. Mshale wa spidi utakudanganya kidogo, hilo si neno. Ila tazama hapa." Fundi alichomeka ekseli pande zote mbili, akazungusha ya kulia. Ya kushoto ilitulia kwanza, kana kwamba inafikiria, kisha ikazunguka. "Kazi ya difu ni kupokea nguvu ya injini na kuyagawia magurudumu, la kulia na la kushoto. Hii inagawa, lakini haigawi sawa. Wa kushoto anachelewa."

"Anachelewa sana?"

"Hapa chini, kidogo. Barabarani sijui. Kushoto anakaa nani?"

"Mke wangu."

Fundi akamgeukia yule mwanamke. "Mama, wewe unasemaje?"

"Huyo hana neno," mkaguzi alisema.

Fundi akachukua spana. Alifungua magurudumu, akavuta ekseli, akatenganisha propela, akalegeza nati zote zilizozunguka chungu cha difu, akaiteremsha ile ya zamani kifuani mwake kama mtu anayepokea mtoto mnene aliyelala. Akaweka gasketi mpya, akaipandisha ile isiyolia, akamimina oili hadi ikaanza kudondoka kwenye tundu lake.

Gari halikulia. Kwenye kona ya kwanza, bega la mkaguzi lilitangulia la mkewe kwa upana wa kiganja. Kwenye kona ya pili mkewe aliona kisogo chake. Walipofika kwenye mataa, upande wa kulia wa gari ulipita na taa ya kijani, na upande wa kushoto ukakutwa na nyekundu. Mke alikaa pale, mkoba mapajani, akangoja.

Mkaguzi aliposhuka nyumbani, jirani yao, bibi mmoja aliyestaafu ukarani wa posta, alikuwa akimwagilia maua.

"Usifunge geti, baba," alisema. "Upande wa mkeo bado uko njiani."

Mkaguzi akashukuru, akaliacha geti wazi, akaingia ndani kuvaa ndala. Alikuwa amemaliza gazeti pale upande wa kushoto ulipoingia uani, polepole, bila usukani, ukaungana na nusu yake kwa mlio mdogo kama wa droo inayofungwa. Mkewe akafungua mlango, akashuka.

"Umefika," mkaguzi alisema kutoka dirishani.

"Nimefika."

"Umesikia lilivyonyamaza?"

"Nimesikia."

Mambo yakawa hivyo. Wakialikwa mahali, mkaguzi alisalimiana na watu, akala, akatoa maoni yake kuhusu barabara, na wenyeji walimfunikia mkewe sahani. Yule jirani ndiye pekee aliyefanya mzaha. "Mwenzetu," alimwambia mkaguzi, "wewe umeoa, au umeagiza kifurushi?"

Mara moja mke alikaa kiti cha nyuma, upande wa kulia, nyuma ya mumewe, na wakafika pamoja. Walipokuwa wakishuka mkaguzi alisema, "Leo kila tuliyepishana naye ameniona dereva wako. Mke anakaa mbele." Mkewe akarudi mbele.

Huko nyuma barabarani mke hakuwa peke yake kabisa. Alianza kuona pande nyingine za kushoto, zimejipanga kwenye ukingo wa lami, zikienda kwa mwendo wake. Bibi kizee mwenye kikapu. Mama anayenyonyesha. Msichana wa shule aliyevuta soksi mpaka magotini. Wote walitazama mbele, na mara mojamoja mtu aliinua mkono. Siku moja alikwenda sambamba na bibi harusi aliyevaa shela.

"Unakwenda wapi, dada?" mke wa mkaguzi aliuliza, maana ukimya ulikuwa umezidi.

"Harusini."

"Wameshaanza?"

Bibi harusi alitazama saa. "Sasa hivi watakuwa kwenye keki."

Wakatakiana safari njema. Kisha barabara ikapinda, na kila mmoja akashika njia yake.

Yote hayo mke angeyavumilia. Alikuwa mtu wa kuvumilia, na kukaa njiani kulimpa nafasi ya kufikiri. Kitu kimoja tu hakukiweza, nacho kilikuwa Jumapili.

Jumapili walikwenda kumtazama mama yake. Mama aliishi nje ya mji, mahali ambapo basi halikwenda siku hiyo, pamoja na wifi wa mke wa mkaguzi, mke wa kaka yake. Kumbukumbu za mama zilikuwa zimebaki za asubuhi. Jua likiwa bado kwenye dirisha la chumba chake, alimjua kila mtu, aliuliza habari za watu kwa majina, alicheka. Jua likitoka dirishani, alitoka nalo. Na asubuhi hizo, wakiwa wawili tu chumbani, alikuwa akimwita binti yake Chiriku, kwa sababu utotoni alikuwa hanyamazi. Duniani alikuwa amebaki huyo mmoja tu wa kumwita hivyo.

Tangu difu ibadilishwe, mkaguzi alifika kwa mama mkwe mapema kuliko zamani. Wifi alifurahi. "Shemeji akija napata nafasi ya kutoka," alisema, na alichukua mwavuli akaenda kwa marafiki zake. Mkaguzi alikaa na mama kwenye jua. Upande wa kushoto ulipofika, jua lilikuwa ukutani, na mama alimtazama binti yake kwa adabu, kama mtu anayetazama mgeni wa jirani.

Waliwahi kuondoka alfajiri. Mkaguzi alifika mama hajaamka, akasubiri, wakanywa chai pamoja. Mkewe alifika jua likiwa ukutani.

"Alisema nini?" alimuuliza mumewe Jumapili hiyo, walipokutana tena nyumbani.

"Mambo ya kawaida tu. Ameamka vizuri." Mkaguzi alifikiri. Hakuwa mtu wa kuficha kitu. "Alikuwa akiulizia ndege."

"Ndege gani?"

"Chiriku. Chiriku yuko wapi, chiriku mbona haji. Kila wiki ni hivyo. Nikamwambia, mama, ndege hao siku hizi hawaonekani."

Mkewe aliweka mkoba juu ya meza.

"Chiriku ni mimi," alisema.

"Wewe?" Mkaguzi alimtazama kwa mshangao wa kweli. Ulikuwa mshangao wake wa kwanza tangu gari litengenezwe. "Mbona huongei?"

Kesho yake, baada ya kazi, mke alikwenda gereji kwa miguu. Ile difu ya kwanza ilikuwa bado juu ya gunia, alama ya chaki haijafutika. Fundi alimpa kigoda.

"Nilijua utakuja, mama. Wa kushoto hawakosi kuja."

"Haiwezi kurekebishwa ikiwa humohumo?"

"Difu haitengenezi mwendo, inagawa tu. Anachozidi mmoja ndicho anachopungua mwenzake. Bwana akifika mapema, ile mapema imetoka kwako." Alifuta mikono. "Kubadilisha ni kazi ya mchana mmoja. Ila gari lazima alilete mwenyewe."

Mke alifikiria maneno njia nzima ya kurudi. Aliyapanga mafupi, ili yasimchoshe mtu. Mkaguzi aliyasikiliza yote, akaitikia kwa kichwa pale palipostahili.

"Nimekuelewa," alisema. "Lakini tazama na wewe. Gari limelia miaka mingi, sasa limenyamaza, unataka lianze tena? Na mama hakai mpweke, mimi niko naye. Ningekuwa simtembelei, hapo ungekuwa na haki ya kulalamika."

Alisema kwa upole, na mkono wake ulikuwa begani kwa mkewe. Mtu angemwambia kwamba amempunja mtu kitu, angeleta mizani. Jumapili iliyofuata, alipofika kwa mama mkwe, alimweleza kwamba Chiriku anakuja. Mama alifurahi sana. Akavaa kitambaa chake kizuri, akaketi akiutazama mlango mpaka jua likatoka dirishani.

Upande wa kushoto ulipofika, mkaguzi alikuwa ameshaondoka kuwahi mpira. Wifi alikuwa jikoni akichemsha maji. Mke aliingia chumbani, akavuta kiti, akaketi karibu na magoti ya mama yake.

"Karibu," mama alisema. "Umetoka mbali?"

"Si mbali sana. Barabara ndiyo ndefu."

"Pole, mwanangu." Alimwita hivyo kama anavyomwita mtu yeyote wa umri ule. Alimtazama vidole, vilivyochubuka kwa vumbi la kioo. "Unafanya kazi, naona. Mimi pia nina binti. Anafanya kazi nzuri, ya miwani."

"Hajambo?"

"Sijui. Siku hizi haji. Anakuja mume wake, mtu mzuri sana, hachelewi." Mama aliinama, akapunguza sauti ili mtu wa jikoni asisikie. "Nafikiri kuna kitu nilimkosea. Wewe unafikiri nilimkosea nini?"

"Hukumkosea kitu."

"Basi mbona haji?"

Mke wa mkaguzi aliushika mkono wa mama yake. Ulikuwa mkavu, mwepesi, wenye joto lake lilelile.

"Yuko njiani," alisema.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Amekaa vizuri, anatazama mbele. Anakuja."

Mama aliegemea kiti, akaridhika. Alitaka kujua amevaa nini, na mgeni akamwambia: gauni la bluu, viatu vya chini. Alitaka kujua kama amekonda, na mgeni akasema kidogo tu. Wakaendelea kumzungumzia hivyo, kwa wema, mpaka wifi akaleta chai, na mama akaomba kikombe cha tatu kiwekwe mezani kwa ajili ya huyo anayekuja.