Ubao wa Kisigino

Binti wa fundi seremala aliitwa Panzi tangu utotoni, na jina lilimkaa. Akiwa na miaka kumi na sita aliruka juu kuliko wasichana wote wa shule yake ya michezo, mpaka siku alipotua vibaya, kano ya goti ikakatika. Hospitali ikampasua, ikampa karatasi ya mazoezi na tarehe ya kurudi baada ya wiki kumi, kana kwamba goti nalo lina subira. Kocha aliahidi kumshikia nafasi yake mpaka mwisho wa muhula, ikiwa goti litakunjika nyuzi mia na thelathini. Lilikuwa linakunjika sabini.

Fundi hakuwa mtu wa kukaa mikono kifuani. Aliranda ubao mpana mpaka ukateleza, akaulaza sakafuni sebuleni. Kila jioni Panzi aliketi juu yake, kitambaa chini ya kisigino, akavuta mguu kuja nyuma huku ameuma meno. Kisigino kilipogoma, fundi alichomoa penseli sikioni akapiga mstari ubaoni.

“Tumeongeza kidole kizima leo, mama.”

“Naona, baba.”

Haba na haba hujaza kibaba, fundi alisema, na kila Jumamosi akampigia kocha kumpa habari njema. Wiki ya tisa mistari ilikuwa imesogea shubiri nzima. Jirani aliyesema mbona mtoto bado anachechemea aliambiwa akaangalie sufuria yake isiungue.

Siku ya hospitali ikafika. Mtaalamu wa viungo, dada mpole mwenye mikono baridi, alimlaza Panzi kitandani, akalibana paja lisisogee, akapima. Akapima tena.

“Sabini na mbili.”

“Umekosea, dada,” fundi akasema. “Mimi kazi yangu ni vipimo.”

Panzi aligeukia ukuta. “Hajakosea, baba. Nilikuwa narudi nyuma kwa makalio, kidogo kidogo. Wiki ya pili hapakuwa na mstari mpya, ukashindwa hata kula. Sikutaka kukuona vile tena.”

Mganga hajigangi. Fundi huyu aliwahi kufukuza wanafunzi kwa kupima mbao bila kuzibana, naye wiki zote hizo alikodolea macho kisigino, asiangalie hata mara moja mwanawe amekaa wapi.

Dada hakuwazungusha. Kovu lilikuwa limeshikana ndani. Lingegunduliwa mapema, lingelegezwa. Sasa labda goti lifike tisini, na kuruka asahau.

Fundi alimpigia kocha palepale koridoni. Kocha akapokea kwa bashasha, akauliza wamefika wapi. Fundi akamwambia nafasi ampe mwingine, akakata simu. Aliona haya kulia mbele za watu, akalia hivyo hivyo.

Jioni alipigilia kipande cha mbao juu ya ubao, nyuma ya pale Panzi anapoketi, misumari mitatu. Panzi alikitazama, akaketi, akakiegemea. Alipovuta, kisigino kiligoma karibu na mstari wa kwanza kabisa.

“Sasa tunafanyia nini, baba?”

 Fundi hakutaka kumdanganya, na ukweli uliobaki ulikuwa mdogo.

“Ili uweze kupanda ngazi,” akasema.

Panzi akaangua kilio, mara ya kwanza tangu siku aliyoanguka, na mguu akaendelea kuuvuta.