Muhtasari wa Kikao cha Kesho

Karani wa shule alileta karatasi mbili Jumatatu mchana, akaziweka juu ya meza yangu, akasema anataka nakala thelathini, zibanwe pini, na ana haraka. Mimi ndiye ninayesimamia mashine ya kutoa nakala katika duka lililo mkabala na geti la shule. Mwenye duka ana sheria mbili: karatasi ya mteja haisomwi, na nakala iliyoharibika inachanwa mbele ya mwenyewe. Ya pili naifuata. Ya kwanza imenishinda, kwa sababu mashine yenyewe hutema karatasi ikiwa imelala chali, maandishi juu, na mimi macho sina pa kuyaficha.

"Muhtasari wa Kikao cha Ushirikiano wa Shule, Wazazi na Jamii." Tarehe ilikuwa ya Jumanne. Nikatazama kalenda ukutani. Jumanne ilikuwa kesho.

"Kaka," nikamwambia, "hiki kikao si cha kesho?"

"Ni cha kesho."

"Mbona hapa kimeshafungwa?"

Akacheka, hata aibu hana. "Mkaguzi wa elimu anakuja Jumatano asubuhi, anataka kuona wazazi wameshirikishwa. Nikisubiri kikao kiishe ndipo nianze kuandika, nitalala ofisini? Halafu wazazi wenyewe hawaji, dada. Mwaka jana walikuja watatu, na mmoja alikuwa anatafuta zahanati, akapotea njia."

Nakala ya kwanza ilitoka imefifia. Nikaichana mbele yake vipande vinne, kama sheria inavyotaka. Ukurasa wa pili ukafuata, nao niliusoma mara thelathini, kila unapotoka.

"Wazazi waliafiki kwa kauli moja kwamba wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la nne wasiojua kusoma warudishwe darasa la pili." Yakafuata majina. La tano lilikuwa la mdogo wangu. Chini yake: "Mama wa mwanafunzi namba tano alisimama na kuishukuru shule kwa uamuzi huo wa busara."

Mama yangu anafua mashuka ya hospitali. Anaingia saa moja asubuhi, anatoka saa kumi, mikono imekunjamana kama karatasi iliyoloa. Barua za vikao huja kila muhula, na kila muhula ni saa nne asubuhi, siku ya kazi. Hajawahi kuhudhuria hata kimoja. Sasa alisimama wapi? Na alishukuru kwa mdomo wa nani?

Na huyo mdogo wangu anajua kusoma. Wenzake wanamwita Kidole, kwa kuwa anaposoma huburuta kidole chini ya mstari. Mwalimu humwambia atoe kidole. Akikitoa, mistari inamparaganyikia, ananyamaza. Akinyamaza anaandikiwa hajui. Nyumbani mama hulala chali jioni, miguu juu ya stuli, Kidole anamsomea maboksi ya sabuni ya kazini. "Soma vizuri, mwanangu, wasije wakanifulisha kwa sumu." Akitoka shule, wakati ananisubiri nifunge kazi, hukaa kwa seremala wa jirani na kumsomea daftari la vipimo. Seremala hukata mbao kwa vipimo anavyosomewa na mtoto huyo, na sijasikia kitanda chake hata kimoja kimeyumba.

Nilizitia nakala za karani kwenye bahasha ya kaki, nikapiga mhuri wa duka, nikampa. Sikubakiza hata kipande. Kilichobaki kilikuwa kichwani, na kichwa hakichanwi.

Jioni nyumbani, mama alinisikiliza mpaka mwisho huku akijipaka mafuta mikononi.

"Rudia hapo nilipoishukuru shule," akasema.

Nikarudia.

"Kwa busara."

"Ndivyo walivyoandika."

Akavaa ndala. "Hao wengine kumi unawajua wazazi wao?"

Nawajua. Ukikaa mkabala na geti unamjua kila mtu, na mtoto wake, na kiatu cha mtoto wake. Tukazunguka kabla jua halijazama. Tukaanzia kwa seremala, maana mwanawe alikuwa namba mbili. Tukaenda kwa fundi viatu.

"Kwa hiyo mimi nimesema nini?" fundi viatu akauliza, msumari ukiwa bado mdomoni.

"Uliuliza kuhusu vyoo, ukaridhika na majibu."

"Nilijibiwaje?"

"Haijaandikwa."

Akautoa msumari. "Basi sijaridhika."

Mlinzi wa ghala ndiye aliyesita. "Watoto wetu wanabaki mle ndani, shemeji," akamwambia mama. "Ukimuudhi mwalimu, anayeumia ni mtoto."

"Wangu ameshaumia," mama akasema. "Mimi nabadilishana zamu na mwenzangu, nitamlipia Jumapili. Wewe zamu yako si ya usiku? Utakuwa umelala. Amka."

Kesho yake nikaomba ruhusa ya saa moja. Mwenye duka akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kikao cha shule. Akanitazama, akatazama boksi la bahasha za kaki, akanipa ile saa.

Kikao kilikuwa katika chumba cha darasa la kwanza. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Kati ya wazazi wa wale kumi na mmoja walikuja tisa, na mlinzi alikuwemo, macho mekundu kama pilipili. Mwalimu Mkuu alipoingia alisimama mlangoni kidogo, kama mtu aliyefungua mlango wa jirani kwa bahati mbaya. Karani alikuwa mezani, kiwiko juu ya bahasha yangu.

Mwalimu Mkuu akaanza kutukaribisha. Seremala akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi nina swali dogo. Naomba kujua leo nimeafiki nini."

"Bado hatujaanza, mzee."

"Nimeambiwa tumeshamaliza."

Karani akanigeukia. Nikamtazama vilevile, sikuinamisha kichwa. Mama akasimama, akaenda mpaka mezani, akaweka mkono juu ya bahasha. Hakuinyakua. Aliuweka tu mkono wake ule uliokunjamana, akangoja karani aondoe kiwiko. Kiwiko kikaondoka.

"Mwalimu," mama akasema, "naomba aitwe namba tano."

"Mama, mambo ya watu wazima haya."

"Ndiyo maana mmemwandika mtoto?"

Kidole akaletwa kutoka ng'ambo ya uwanja. Mama akafunua ukurasa wa pili, akaikunja ile sehemu yenye majina isionekane, akamwonyesha mstari wa mwisho. Mtoto akaweka kidole chini ya mstari.

"Toa kidole," Mwalimu Mkuu akasema, kwa mazoea.

"Kiache, mwanangu."

Akasoma polepole. "Kikao... kilifungwa... saa sita... na nusu... mchana... wazazi... wakiwa... wenye furaha."

Tukageuka wote kutazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Fundi viatu ndiye aliyecheka kwanza, na kicheko chake hakikuwa kizuri. Mama alimpapasa Kidole kichwani, akamrudisha darasani. Kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Ningefurahi kama ingepanda.

"Huyo ndiye asiyejua kusoma. Na mimi ndiye niliyeshukuru."

Mwalimu Mkuu akajifuta uso. "Nisikilizeni na mimi. Darasa la nne lina watoto themanini na wanane, mwalimu mmoja. Atamsubiri nani aburute kidole? Tunawaita kila muhula. Nyinyi hamji."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonichoma zaidi. Nikajikuta nimesimama, mimi niliyeishia darasa la saba.

"Mnatuita saa mnayojua tuko kazini," nikasema. "Tusipokuja, mnatuandika tumekuja, na mnatuandika tumekubali. Mimi nilipomaliza darasa la saba nilirudi nyumbani nikaambiwa basi. Leo najiuliza siku ile mliandika mama yangu amesema nini."

Mama hakunitazama.

Mwalimu Mkuu akasema suala la kuwarudisha watoto liahirishwe.

"Halijaahirishwa," seremala akasema. "Limekataliwa. Andika, karani, tukikuona."

Akaandika kwa mkono, na sisi tumemzunguka. Watoto kumi na mmoja wanabaki darasa la nne. Anayesoma kwa kidole aachwe na kidole chake. Wazazi wanaoweza watakaa na watoto mara mbili kwa wiki baada ya masomo, na seremala akatoa karakana yake, pana mabenchi. Na vikao vyote kuanzia sasa ni Jumamosi jioni. Tulimaliza saa sita kasoro robo, na furaha haikutajwa. Ruhusa yangu ya saa moja ilikuwa imeshakwisha kitambo.

Saa nane karani akaja dukani na karatasi safi zilizopigwa chapa. "Thelathini," akasema, bila kuniita dada. Mwenye duka alikuwa amekaa nyuma yangu, anahesabu rimu.

Nikaiweka karatasi ya kwanza juu ya kioo, kisha nikaitoa tena. Nikaisoma wazi, mbele yao wote wawili, sikujificha kwa mashine.

"Jumamosi haimo," nikasema.

"Itawekwa kikao kijacho."

"Kikao kijacho kitakuwa Jumanne saa nne, na mama atakuwa anafua."

Mwenye duka akaacha kuhesabu. "Binti, karatasi ya mteja haisomwi."

"Najua."

"Basi toa nakala."

Nilijua kazi yangu iko pale juu ya kioo, pamoja na ile karatasi. Nikachukua kalamu kutoka kwenye kopo, nikamsogezea karani. Mashine ilikuwa imeshapata moto, inanguruma, taa yake ya kijani inawaka. Mikono yangu nikaikunja kifuani.

Karani alimtazama mwenye duka. Mwenye duka alitazama rimu zake. Mlangoni Kidole alikuwa ameshafika na mkoba mgongoni, ananisubiri.

Karani akainama, akaandika neno Jumamosi.

"Na jioni," nikasema.

Akaongeza jioni. Ndipo nikabonyeza.