Waya wa Kumsikia Mama

Mume wangu Saburi ana hedifoni ambayo hata binti yetu Zubeda haruhusiwi kuisogelea. Ni ile kubwa ya watu wa studio, na waya wake unachomoka, unaweza kuweka mwingine. Hapo ndipo maudhi yangu yalipoanzia, maana Saburi akishajua kitu kinabadilishika, hatulii.

Kazi yake ni kurekodi maulidi na harusi. Kila mwaka huenda kwao Msimbu, Kisarawe, kurekodi maulidi ambayo mama yake, Bi Maulida, ndiye huongoza wanawake. Huweka maikrofoni mbili: wanaume wasikike sikio la kulia, wanawake la kushoto. Ndivyo alivyozoea, na hakuna aliyewahi kumlaumu.

Mwaka huu alirudi nyumbani kwetu, mtaa wa Picha ya Ndege, amenywea. Akaniambia sauti ya mama inakwisha. Hata kwenye simu, ambayo siku zote huishikia mkono wa kushoto, anamsikia kwa mbali na kumwomba apaze. Alishampelekea asali na tangawizi mara mbili, na mama mkwe alizipokea huku akijiuliza anauguzwa nini. Kwenye rekodi akapandisha upande wa wanawake mpaka wazee wa Msimbu wakalalamika kwamba wao wamegeuzwa waitikiaji. Saburi akaona kosa ni la waya, eti ule uliokuja na hedifoni unameza sauti nyembamba. Akajinyima, akaagiza nyaya mbili, mmoja wa shaba na mwingine wa fedha, uliosukwa kama ukili.

Jumamosi asubuhi akanikalisha nimsaidie kuchagua. Nilikuwa na maharage jikoni na hasira zangu kifuani, ila alivyonitazama nikakaa. Mtu anayehangaika namna ile kwa ajili ya mama yake, huwezi kumnunia ukamaliza.

Nikasikiliza waya wa shaba, mama mkwe akanijaa kichwa kizima. Wa fedha, vilevile. Nikaomba ule wa zamani, vilevile. Wanaume ndio niliowasikia kwa kuwatafuta. Nikamwangalia Saburi, nikakumbuka miezi yote aliyokuwa ananijibu "eeh" kwa maswali yasiyohitaji eeh, nami nikadhani ni dharau za ndoa. Niliona aibu, kisha nikaogopa.

"Baba Zubeda," nikamwambia, "ivae kinyume. Ya kushoto iende kulia."

Akacheka, akasema hedifoni haivaliwi hivyo. Nikamvalisha mwenyewe na kuanzisha maulidi upya. Kicheko kikamwisha. Akachomoa waya, akaweka mwingine, kisha akarudisha ule wa kwanza, na kila mara alifumba macho akimsikiliza mama yake kwa sikio la kulia. Nikajua ameelewa. Huyu ni mtu anayekula kwa masikio yake, na moja limeanza kumtoka. Nikasogeza kiti changu karibu yake.

Akaivua hedifoni, akaiweka mezani taratibu. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mama hajambo," akasema. "Sauti yake ipo yote. Ni sikio langu tu, Mama Zubeda. Alhamdulillahi, ni sikio langu."

Nilitaka kumgombeza. Nani anamshukuru Mungu kwa jambo kama hilo, na ana familia ya kulisha? Lakini alikuwa ananitazama kwa furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyerudishiwa mama yake, na mdomo wangu ukakataa. Nimeishi naye miaka kumi na moja, na sikujua kama nafasi ya kumpenda zaidi ilikuwa bado ipo.

Jumatatu tulikwenda kwa daktari wa masikio. Njia nzima, yeye ndiye aliyekuwa akinituliza mimi.