Yungiyungi Jeupe la Kitura

Mwaka 1974, watu wa Kitura walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, hakuna aliyeuliza marehemu wao wanabaki na nani. Perpetua alimwacha bintiye Matilda kaburini kule mlimani. Mvua ikasawazisha tuta la kaburi, mchwa wakala msalaba, kikabaki kitu kimoja cha kuonyesha alipolala: yungiyungi jeupe alilopewa na masista wa misheni, akalipanda juu ya mtoto. Mlima ule huota mayungiyungi mekundu kila mahali. Jeupe lilikuwa hilo tu. Kila Novemba, Siku ya Marehemu, alilikuta limechanua, akapalilia, akasali, akarudi na moyo mwepesi kidogo.

Mwaka wa tatu hakulikuta. Alikuta mashimo mlima mzima, yameanza kujaa udongo.

Mchimbaji hakuwa siri. Alikuwa Nazari, kijana wa Tanga aliyeletwa wilayani kwao, Mbinga, kuchunguza mimea. Watu walimwita Bwana Maua na kumcheka kichinichini. Perpetua akamfuata ofisini bila hata kupita nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyechimba kule Kitura?"

Nazari akamwonyesha meza yake kwa furaha. Vitunguu vya maua, mashina yao manene ya ardhini, vilikuwa vimeoshwa na kupangwa kiukoo: vinavyochanua kabla ya majani huku, vinavyochanua pamoja na majani kule. Kimoja kilikaa peke yake.

"Hiki ua lake jeupe, mama. Naona ni ndugu wa haya mekundu, amezaliwa hukohuko mlimani. Hakuna mtaalamu anayemjua bado."

"Hakuzaliwa huko. Nilimpanda mimi, juu ya kaburi la mwanangu."

Ugunduzi wa Nazari ulikuwa umekwisha, lakini, tumpe haki yake, hakuuwaza tena. Alikifunga kitunguu kile katika kitambaa, na kesho yake wakapanda wote mlimani Kitura.

Nazari akatafuta alipokichimba: akaliendea shimo hili, akaliacha, akaliendea lile. Alipochimba alitazama maua, hakutazama mahali. Kwake mlima wote ulikuwa pori. Perpetua alisimama akimfuata kwa macho, maana bado alikuwa na tumaini.

"Nisamehe, mama. Sikumbuki." Akanyoosha kile kitambaa. "Lakini tuchague mahali tukipande. Mwakani kitachanua."

Perpetua aliyatazama mashimo yote, kisha kitambaa mkononi mwa kijana.

"Ua lichukue, baba. Mimi nilikuwa namtafuta mtoto."